Nguzo ya Jumatatu

Alhamisi, tarehe 6, mwezi wa pili

Assalamu alaikum, dada yangu Lubna. Umeamkaje huko ng'ambo? Magoti yako yanasemaje na baridi ya asubuhi? Na mama mzee je, anakula, anakutambua ukimwita? Sisi huku Bujumbura ni wazima, tunamshukuru Mungu, ila tunalowa tu. Nimekupigia simu mpaka nimechoka. Massoudi wa basi kaniambia kijiji cha mama yako kiko mbele ya Kigoma, na mtandao unapatikana kwa kupanda mlima. Nikasema, na magoti yale, Lubna apande mlima kwa ajili ya kusikia sauti ya Sijaona? Basi nimenunua daftari. Nitakuandikia humu kila nikipata nafasi, na siku Massoudi atakapopata mazuti ya kufika huko, atakuletea lote kwa pamoja.

Zahanati yetu ya uzazi bado imesimama hapa Nyakabiga. Zamu yako ya usiku wamempa Prudence, msichana wa mkoa wa Ngozi, mikono mizuri, anamwogopa Mungu kwa dini yake. Kitanda cha dirishani anakiita mpaka leo "kitanda cha Mama Lubna". Mimi niko palepale mapokezi, na Spès yuko zamu ya mchana na mdomo wake uleule.

Na Amandine, yule muuza maparachichi anayekaa langoni na beseni lake, sasa mimba inaonekana hata kwa kipofu. Unakumbuka miaka yote ile aliyokaa pale, wenzake wanatoka na vitoto, yeye anatoka na beseni? Sasa ni zamu yake. Anatarajia mwezi wa nne. Kaniambia, "Mama Anouar, mi niko na safari gani? Nitaacha beseni hapa, niingie, nizae, nirudi kuuza." Nikamwambia aseme inshallah. Akasema, "Inshallah ya kwenu na Imana ibishatse ya kwetu, zote mbili."

Jumatatu, tarehe 10

Mkurugenzi wetu, Népomuscène, katuita sote. Umeme unakatika, jenereta inakula mazuti, na mazuti hayapatikani hata kwa kubembeleza. Hatuwezi tena kufungua usiku wote saba. Kamati itachagua usiku mmoja katika wiki, ule wenye wazazi wachache, tufunge. Lakini wale wanaotusaidia wanataka kuona kwa macho, kwa picha ya kompyuta.

"Mama Anouar," akaniambia, "vitabu vya zamu vya mwaka jana unavyo wewe. Utaviingiza ndani ya mashine."

"Mi, shefu? Mi nimesoma mpaka la sita na kozi ya kupiga taipu kwa masista."

"Na mi nimesoma mpaka université, na ile kitu nikiifungua inafunga. Joëlla atakuja kukufundisha."

Spès akanong'ona nyuma yangu, "Mwenzangu, unakwenda kuwa injinia, tutakuomba audiensi."

Alhamisi, tarehe 13

Joëlla ni binti wa miaka thelathini hivi, anatoka ofisi ya wale wanaotusaidia, kule Rohero. Ana miwani na ana subira. Kaniamkia kwa mikono miwili kama mtoto aliyelelewa.

Sasa nikueleze, maana nimependa. Mashine inafungua ukurasa wenye vijumba vidogo vidogo, kama mtaa wa Buyenzi ukiutazama kutoka juu: mistari na safu. Kila siku ya wiki unaipa mstari wake. Kila sehemu ya siku unaipa safu yake: usiku, asubuhi, alasiri. Kijumba cha kwanza kabisa, cha pembeni juu, unakiacha kitupu, ukikijaza mashine inachanganyikiwa. Halafu ndani ya kila kijumba unaweka idadi ya watoto. Ukishapanga vizuri, unafunika vyote kwa kipanya, unabonyeza, na mashine inasimamisha nguzo, moja kwa kila siku, na ndani ya kila nguzo matabaka yamepandana kama mikeka ya msikitini. Tabaka nene, watoto wengi. Tabaka jembamba, wachache. Joëlla kasema, "Mama, kazi yote iko kwenye kupanga. Picha inafuata tu ulivyopanga. Ukipanga ovyo, itakuchorea uongo mzuri kabisa."

Nimekuja nyumbani nikiwa na furaha ya mtoto.

Jumanne, tarehe 18

Mvua. Nimeingiza miezi miwili ya mwaka jana. Macho yanawasha.

Jumatano, tarehe 19

Leo nimecheka mpaka nikashika ukuta. Nilibonyeza sijui nini, mashine ikapanga siku kwa alfabeti ya Kifaransa: dimanche ikapanda mbele, vendredi ikaanguka mwisho. Spès alikuwa anapita na ndoo. Akachungulia.

"Ehe! Mashine imebatizwa! Inaanza na Jumapili. Na Ijumaa yenu, sha, imetupwa mkiani."

"We subiri," nikamwambia, "nitaisilimisha."

Nikaandika siku upya kwa mkono, moja moja.

Jumanne, tarehe 25

Makosa yangu ya wiki, ili ucheke. Mahali pa sifuri niliandika herufi ya O, mashine ikakataa kuhesabu. Halafu nikatia safu ya jumla mwishoni, kwa uangalifu wangu, nikaifunika pamoja na nyingine, nguzo zikaenda mpaka dari, tukawa tumezalisha mji mzima mara mbili. Joëlla kasema jumla haipandi juu ya wenzake, inakaa nje kama mgeni asiyealikwa.

Kusoma maandishi yako ni kama kukaa na wewe. Unaandika "mtoto mzuri" pembeni ya kila mtoto, hata yule wa kilo moja na nusu.

Ijumaa, tarehe 28

Imekwisha, dada. Mwaka mzima.

Usiku nimeuweka safu ya kwanza, kwa hiyo umekaa chini kabisa ya nguzo, rangi ya buluu nzito. Juu yake asubuhi, njano. Juu kabisa alasiri, rangi ya chungwa. Joëlla akaniuliza, "Mbona usiku uko chini, Mama? Watu wengi wangeanza na asubuhi." Nikamwambia, "Mwanangu, siku huanza na usiku." Akacheka, akasema nina maneno mazuri, akauacha pale pale.

Tabaka la usiku wa Jumatatu limetoka jembamba kama uzi wa sindano. La Jumanne nene kuliko yote. Tukatazamana. Picha ilikuwa inasema yenyewe. Imetolewa kwenye karatasi ya rangi, mkurugenzi kaibandika ukutani, na chini kaandika: kazi ya Mama Anouar. Mungu anisamehe, nimepita pale mara nyingi kuliko kazi iliyonipitisha.

Jumatatu, tarehe 3, mwezi wa tatu

Ramadhani imeingia na mvua yake. Tunafunga, tunashukuru.

Alhamisi, tarehe 6

Kamati imekaa, imetazama picha, imeamua: kila Jumatatu usiku tunafunga lango, jioni mpaka asubuhi. Hakuna aliyebisha. Mzee mmoja wa kamati alinishika mkono, "Mama, umetusaidia kukata mahali pasipouma."

Ijumaa, tarehe 14

Nimeandika tangazo kwa herufi kubwa, Kirundi na Kiswahili, nikalibandika langoni mwenyewe kwa gundi. Amandine alikuwa kwenye beseni lake, anamenya parachichi kwa ajili yake, maana sasa anakula biashara yake.

Spès akamwambia, "We Amandine, zaa siku yoyote unayotaka. Jumatatu apana! Tumekukataza kwa tangazo."

"Mutoto wangu hajui kusoma," Amandine akajibu. "Mumwambie nyinyi."

Tukacheka wote watatu. Nakuandikia kama ilivyokuwa. Tulicheka.

Jumanne, tarehe 18

Jumatatu ya kwanza imepita salama. Hatujasikia malalamiko. Prudence kalala kwao.

Jumanne, tarehe 25

Mvua toka juzi. Jumatatu kimya tena. Mkurugenzi kasema, "Unaona? Picha haidanganyi."

Jumanne, tarehe 1, mwezi wa nne

Idi njema, dada yangu. Nilipika pilau jana nikampelekea Amandine sahani nyumbani kwao, hapo nyuma ya zahanati. Mume wake Honoré, fundi ujenzi, katengeneza kitanda kidogo kwa mbao za kazini. Kakipaka rangi ya kijani. Amandine alikuwa amekaa kwenye jamvi ameegemea ukuta, miguu imevimba, anakitazama kile kitanda kama mtu anayetazama mlango.

Jumanne, tarehe 8

Lubna, sijui nianzie wapi.

Asubuhi nimefika, langoni hakuna beseni. Nikafurahi! Nikajisemea, amezaa, alhamdulillahi. Nikaingia, nikauliza Prudence ambaye ndiyo kwanza anafungua, "Amandine kazalia wapi?" Akanitazama, habari ameshazikuta njiani, akaanza kulia amesimama, funguo mkononi.

Honoré ndiye aliyetuambia baadaye, ameketi kwenye benchi la mapokezi mbele yangu, matope mpaka magotini. Uchungu ulimshika jana magharibi, mvua ikiwa ile ya kuvunja mabati. Ukaja kwa kasi. Walikuja hapa. Honoré alijua tumefunga, lakini Amandine alisema, "Mi wananijua. Watanifungulia." Wakagonga. Akaita majina yetu, la Spès, la Prudence, langu. Mlinzi wa duka la jirani ndiye aliyetoka, akawaonesha tangazo kwa tochi. Tangazo langu.

Gari hawakupata, esansi hakuna, unajua hali. Wakaanza kwenda hospitali kwa miguu, yeye na jirani wamemshika huku na huku. Hawakufika. Mtoto alizaliwa kwenye baraza ya duka, chini ya bati, mikononi mwa Honoré ambaye mikono yake inajua saruji tu. Kitovu kilikuwa kimemzunguka shingoni. Honoré aliona, akaogopa kukigusa, alidhani akikivuta atamuua mama. Walipofika hospitali, mtoto alikuwa ameshaondoka. Wa kike.

Prudence kaniambia kando, maskini, haikuwa nia yake kunichoma: "Mama, ile ni ya vidole viwili. Unapitisha juu ya kichwa, basi." Wewe umefanya hivyo mara ngapi, Lubna? Nimeona kwenye vitabu vyako: kitovu shingoni, mtoto mzuri. Kitovu shingoni, mtoto mzuri.

Amandine yu hai. Yuko hospitali. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Jumatano, tarehe 9

Wamemzika. Nilikwenda, nikasimama nyuma.

Ijumaa, tarehe 11

Nilimtembelea Amandine kwake. Amejifunga kitenge kifuani kwa nguvu, maziwa yamekuja. Unajua wewe. Kile kitanda cha kijani wamekitoa. Akanikaribisha, akasema, "Mama Anouar, umekuja na mvua hii." Akaniomba radhi kwamba hana chai. Yeye ndiye aliyeniomba radhi.

Jumatatu, tarehe 14

Sikuweza kukaa bila kufanya kitu. Nimekichukua kitabu cha Prudence, cha toka mwezi wa kwanza alipokupokea zamu mpaka tulipoanza kufunga, nikakipanga kama nilivyofundishwa: mistari ya siku, safu ya usiku kwanza. Nikasimamisha nguzo.

Usiku mnene kuliko wote ni wa Jumatatu. Ule mwembamba kama uzi ni wa Jumapili.

Nikadhani nimekosea. Nikaingiza tena. Vilevile. Nikaziweka picha mbili pembeni, yako na ya Prudence. Ni picha moja, dada, moja kabisa, ila ya Prudence imesogezwa hatua moja nyuma. Alhamisi yake ni Ijumaa yako. Jumatatu yake ni Jumanne yako.

Nimezima mashine. Leo usiku tumefunga tena. Inanyesha.

Alhamisi, tarehe 17

Naandika baada ya Maghrib. Kwa Spès hii bado ni Alhamisi. Kwangu mimi na wewe ni Ijumaa imeshaingia, na hapo ndipo penyewe.

Wanawake wa mtaani walikuwa kwangu kusoma Yasini, kama kila Alhamisi jioni. Soumaya, jirani yangu, akanyoosha jamvi, akasema vile tunavyosema toka utotoni, "Haya, usiku wa Ijumaa huu, tuwaombee wetu." Mimi nilikuwa nimeshika msahafu. Nikashindwa kuufungua. Nikaona kana kwamba ninakuona wewe, kwenye kile chumba nyuma ya dawa, umemaliza rakaa tatu, umekunja mkeka, unafungua ukurasa mpya wa kitabu cha zamu, unaandika juu tarehe ya kesho yake. Nimekuona ukifanya hivyo miaka yote. Na mimi ningefanya hivyohivyo. Jua likizama, siku mpya imeingia, usiku ndio kichwa chake. Mama zetu walihesabu hivyo, ndoa zetu, arobaini zetu, Ramadhani yetu.

Lakini Népomuscène, na kamati, na Joëlla, kwao usiku ni mkia wa siku. Jumatatu mchana, halafu Jumatatu usiku. Usiku uliouita wewe wa Jumanne, wao wanauita wa Jumatatu. Nilisoma kitabu chako kama Mwislamu anavyosoma, nikawapa picha waisome kama wanavyosoma wao, wala kati ya hapo sikusimama kuuliza neno. Joëlla aliniuliza mbona usiku uko chini. Aliniuliza! Mimi nikampa methali.

Tuliona nguzo ya Jumatatu ina usiku mwembamba, tukafunga Jumatatu. Kumbe uzi ule ulikuwa usiku wa Jumapili. Usiku wa Jumatatu wenyewe ulikuwa umekaa chini ya Jumanne, mnene kuliko yote, na tukaufungia lango.

Soumaya aliniuliza naumwa? Nikasema ndiyo.

Wewe hukukosea, Lubna. Sikia kabla hujaanza kujipiga. Uliandika unavyoishi. Aliyebeba kutoka nyumba moja hadi nyingine ni mimi, nami sikutazama mzigo.

Jumanne, tarehe 22

Nimemwambia mkurugenzi. Nilifunga mlango wa ofisi yake kwanza. Alisikiliza, kichwa ameshika kwa mikono miwili. Si mtu mbaya. Amekonda toka mwaka uanze, anakimbizana na madumu ya mazuti kama mwizi.

"Mama Anouar," akasema, "ile picha imekwenda mpaka kwa wafadhili. Kamati imetia sahihi. Leo unaniletea nyingine. Kesho utaleta ya tatu?"

"Ya kwanza nilikosea kuipanga, shefu. Usiku ulikaa siku ambayo si yake."

"Unasema wewe. Kitabu kinasema Jumanne. Nani atanithibitishia alikuwa anaandika kwa saa za msikiti?" Akavuta karatasi ya mwezi huu. "Na tazama. Jumatatu usiku mwezi wa nne: sifuri. Sifuri, sifuri, sifuri. Hakuna anayezaa Jumatatu!"

"Sifuri kwa sababu tumefunga, shefu."

Akaigeuza ile karatasi kifudifudi. Nikaona amesikia, na ametamani asingesikia. Mvua ilikuwa inapiga dirisha. Mwishowe akasema kwa sauti ya chini, "Kamati itakaa Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa tano. Niletee neno la mwenyewe aliyeandika, kwa mkono wake, na sahihi. Lubna wanamheshimu. Wewe watasema huzuni imekuchanganya."

"Na mpaka siku hiyo, Jumatatu?"

"Mpaka siku hiyo nina mazuti ya usiku sita. Nibadilishe bila kamati, watafunga wiki nzima."

Nimekupigia simu toka hapo. Yule mama wa ndani ya simu ananiambia namba haipatikani.

Alhamisi, tarehe 24

Amandine karudi langoni na beseni. Nilikaa mapokezi nikisikia sauti yake anawaambia watu bei. Nikasali adhuhuri, nikatoka, nikaketi chini kando yake. Nikamwambia yote. Sikuficha jina langu popote.

Alisikiliza huku anapanga maparachichi, magumu huku, mabivu huku.

"Kwa hiyo usiku ule mlango ulitakiwa kuwa wazi."

"Ndiyo."

"Mungefunga usiku gani?"

"Wa Jumapili."

"Basi angekuwa mwingine."

"Jumapili ni wachache. Lakini pengine, ndiyo."

Mteja akaja, Amandine akamuuzia, akarudisha chenji. Halafu akaniuliza bila ya kunitazama:

"Ile picha ya rangi iko ukutani. Mutoto wangu iko kwa nguzo gani?"

Nikamwambia kweli, Lubna. "Hayupo. Hakuzaliwa humu. Hakuandikwa."

"Mi nilifika hapa. Niligonga."

"Najua."

"Niliwaita majina."

"Najua, mwanangu."

"Basi weka mahali pa waliogonga." Akainua beseni, akajitwisha. Amejifunga kile kitenge bado. "We si unajua kupanga? Panga na hao."

Akavuka barabara, akaketi upande wa pili. Hakuniita Mama. Toka nimjue hajawahi kuongea nami bila ya kuniita Mama.

Ijumaa, tarehe 25

Nimeongeza safu. Kichwa chake nimeandika: waliokuta limefungwa. Nimetia moja kwenye mstari wa Jumatatu. Rangi mashine ilichagua yenyewe, kijivu.

Jumanne, tarehe 29

Mvua. Mtu amechana tangazo langu katikati. Nimelitazama, sikuligundisha. Mchana mkurugenzi kabandika jipya.

Jumanne, tarehe 6, mwezi wa tano

Asubuhi Spès alinisubiri langoni, bila utani, jambo ambalo kwake ni kama homa.

"Umemwona Amandine jana jioni?"

Nikasema sikumwona.

"Alikaa hapa langoni na Honoré, wamefunika kichwa na sheeting, lile turubai la plastiki. Mi nilirudi kuchukua mwavuli, nikamkuta. Mwanamke akija, anamwambia, 'Usigonge, usipoteze nguvu, pitia huku, nenda moja kwa moja hospitali.' Mmoja Honoré alimsindikiza mpaka kule. Mana yanje, Mungu wangu, nikakaa nao kidogo."

Nilipoketi mapokezi, Amandine akaja mpaka dirishani pangu. Ni mara ya kwanza toka siku ile. Maji yalikuwa bado yanachuruzika kwenye kitenge chake.

"Watatu," akasema.

Akasubiri. Nikaelewa anasubiri nini. Nikafungua mashine mbele yake, nikashuka mpaka mstari wa Jumatatu, safu ya mwisho, nikaandika. Akainama, akatazama kwa muda mrefu lile tabaka la kijivu lililoota juu ya nguzo. Hajui kusoma sana, lakini ile anaisoma.

"Wangu iko chini ya hao?"

"Wako ndiye wa kwanza. Wengine wamepanda juu yake."

Akaitikia kwa kichwa taratibu. Akaenda kuuza.

Alhamisi, tarehe 8

Massoudi amepata mazuti. Anaondoka Jumamosi alfajiri. Nimemkabidhi maneno yote haya, isipokuwa ukurasa huu ninaoumaliza sasa, yeye amesimama mlangoni anahesabu mifuko ya watu.

Dada yangu, nimekuchosha na ya kwetu, nami sijui mama mzee kaamkaje. Ninamwombea kila sala, na wewe pia. Sikuombi unitetee. Ninaomba karatasi moja, kwa mkono wako, uwaeleze kamati ulikuwa unafungua ukurasa wa zamu saa ngapi na ulikuwa unaandika siku gani juu yake. Kama nimekumbuka vibaya, kama ulikuwa unaandika tofauti na ninavyodhani, andika hivyohivyo, wala usinionee huruma. Nilishawahi kuwapa picha nzuri ya uongo. Sitaki kuwapa ya pili.

Kati ya leo na kikao kuna Jumatatu zinakuja, na mvua haijamaliza, na Amandine amesema atakaa langoni kila moja.

Massoudi atangoja huko siku mbili kabla ya kugeuza basi. Mpe yeye mkononi. Nijibu upesi, Lubna, tafadhali.

Mdogo wako,
Sijaona